Madarasa ya wajawazito na miezi ya katikati ya ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na kando ya Ziwa

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki kwenye mabenchi ya kliniki za Nyamagana, Ilemela, Sengerema, Magu na Ukerewe. Yanahusu zaidi mwezi wa nne hadi wa sita, pale kichefuchefu kinapopungua, tumbo linapoanza kuonekana na mama anapata nguvu ya kupanga mambo. Pale jibu moja linapogusa jingine tumeelekeza usome wapi.

## Mambo ya msingi

Darasa la wajawazito lina tofauti gani na kliniki?

Kliniki inapima: presha, mkojo, wingi wa damu, kimo cha mimba, mapigo ya moyo ya mtoto, VVU, kaswende na malaria. Inatoa pia chanjo ya pepopunda, dawa na chandarua. Darasa linafundisha: uchungu unaanzaje, unapumuaje, unakaaje, mtoto anashikwaje kwenye titi, nani ataita gari usiku. Darasa halipimi presha, kwa hiyo halichukui nafasi ya kliniki hata liwe la bei gani.

Somo la asubuhi linalotolewa kabla kadi hazijaanza kuitwa ni darasa pia, ingawa ni fupi. Wengi hulikosa kwa kufika saa nne. Ukifika saa moja na nusu au saa mbili asubuhi utalisikia lote, na ndio wakati mzuri wa kuuliza, kwa sababu muuguzi bado hajaelemewa na foleni.

Nianze lini?

Kliniki, mara tu unapojua una mimba, kabla ya wiki ya 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane, si manne kama zamani. Darasa, kati ya wiki ya 20 na ya 28. Ukianza mapema sana, mengi utayasahau kabla ya kujifungua. Ukisubiri mwezi wa nane, kukaa chini saa mbili ni adhabu, na mtoto anaweza kukutangulia.

Ni lazima nilipe?

Kliniki ya wajawazito katika vituo vya umma ni bure kwa sera ya nchi, na somo la asubuhi ni sehemu yake. Madarasa ya kulipia yapo katika baadhi ya hospitali binafsi na kwa wakunga na wataalamu wa mazoezi tiba wanaofundisha vikundi. Kabla ya kulipa uliza bei ni ya kipindi kimoja au ya kozi nzima, mwenzako anaingia kwa malipo hayo hayo au la, na ukikosa kipindi kwa kuumwa utafidiwaje. Kama fedha ni kidogo na inabidi uchague kati ya darasa na nauli ya kwenda kujifungua, weka nauli. Somo la kliniki, ukilisikiliza vizuri na kuuliza, linatosha kukufikisha salama.

## Kuchagua darasa

Nitajuaje kama darasa ni zuri?

Tazama kwanza anayefundisha. Awe muuguzi mkunga au daktari mwenye leseni hai. Wauguzi na wakunga husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na mtu mwenye leseni haoni shida kuulizwa. Mwalimu wa mazoezi anafaa kwa mazoezi, lakini somo la dalili za hatari lisiwe lake peke yake.

Kisha tazama mikono ya wanafunzi inafanya nini. Darasa ambalo mwalimu anaongea saa mbili na kina mama wanaandika halitakusaidia leba. Unataka mahali ambapo unapiga magoti, unaegemea mpira au kiti, unashika mwanasesere na kumpakata kwenye titi, mwenzako anakukanda kiuno kwa kiganja, na mwalimu anakusahihisha. Kwa hiyo idadi ni muhimu: watu kumi hadi kumi na wawili ni sawa, arobaini ni mkutano.

Vipindi vinne hadi sita vya saa moja na nusu hadi mbili vinatosha kwa yafuatayo: dalili za hatari, mpango wa kujifungua, hatua za uchungu na kupumua, milalo ya kusukuma, upasuaji unavyokuwa, kunyonyesha, kutunza kitovu, mama kutokwa na damu baada ya kuzaa, na uzazi wa mpango. Ukikuta somo la kutokwa na damu halimo, uliza kwa nini. Ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wazazi, na familia huwa na muda mfupi sana wa kutambua kwamba damu imezidi.

Jambo la mwisho ni mahali. Darasa linaloendeshwa katika hospitali utakayojifungulia lina faida ambayo darasa jingine halina: unaoneshwa geti la usiku, mlango wa wodi ya wazazi na orodha ya vitu vya kubeba vya pale pale. Orodha hizo hutofautiana. Khanga, beseni, nguo za mtoto na pedi karibu kila mahali vinahitajika. Glovu, mpira wa kutandika na kibanio cha kitovu hutegemea kituo.

Mwalimu anauza dawa za kusafisha mji wa mimba au za kuongeza uchungu. Niendelee naye?

Hapana. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinaweza kuukaza mji wa mimba kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au mji ukachanika, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa (soma sehemu ya mwisho). Hakuna anayejua kipimo chake, kwa sababu kikombe cha leo hakilingani na cha jana. Na mji wa mimba hausafishwi. Una njia yake ya kujisafisha baada ya uzazi.

Mkimbie pia anayekuambia kwamba wanaoenda hospitali ni waoga, na anayegawa maziwa ya kopo ya majaribio. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 zinakataza kugawia kina mama sampuli hizo, kwa sababu zinaua unyonyeshaji mapema.

Darasa la WhatsApp linatosha?

Linasaidia kama mwalimu anajulikana kwa jina na leseni, na anajibu kwa kusema "nenda kituoni" pale inapostahili. Halitoshi kwa mambo ya mikono. Njia nzuri kwa aliye mbali ni kuchanganya: somo la kliniki, kundi la simu kwa maswali madogo, na angalau ziara moja ya kuona wodi. Hatari ya makundi haya ni picha. Mama anatuma picha ya damu kwenye nguo saa tano usiku, anasubiri majibu ya wenzake mpaka asubuhi. Damu haisubiri kundi (soma "Dalili zipi zinanitaka niondoke sasa hivi?").

Mume wangu anasema hayo ni mambo ya wanawake. Nimwambieje?

Mpe kazi mahususi badala ya kumwomba aje kukaa. Mwanaume anayeitwa kusikiliza hukinai. Anayeambiwa "njoo ujifunze kunikanda kiuno na kujua simu ya kupiga" huja. Kipindi cha mpango wa kujifungua ndicho kinachomhusu zaidi, kwa kuwa kinagusa fedha, usafiri na nani atatoa damu. Mahudhurio ya kwanza ya kliniki nayo ni muhimu kwake, kwa sababu kipimo cha VVU na kaswende huwa na maana zaidi mkipimwa wote wawili.

Kama haji, nenda na mama, wifi, dada au rafiki. Hasa mama mkwe, kama ndiye atakayekaa nawe baada ya kujifungua. Ni rahisi zaidi yeye kusikia kwa mkunga kwamba mtoto asipewe maji wala uji kabla ya miezi sita, kuliko kusikia kwako.

## Mwili katika miezi ya katikati

Nina wiki 19 na mtoto hajacheza. Ni kawaida?

Ndiyo. Mimba ya kwanza, wengi husikia kati ya wiki ya 18 na 20, wengine wiki ya 22. Aliyewahi kuzaa husikia mapema, wiki ya 16 hadi 18, kwa sababu anautambua ule mguso, ambao mwanzoni ni kama samaki mdogo anapitisha mkia. Kondo la nyuma likikaa mbele ya mji wa mimba, huchelewesha hisia hiyo. Ukifika wiki ya 24 bila kusikia chochote, nenda kituoni mapigo yasikilizwe.

Kuanzia wiki ya 28 mtoto huwa na mtindo wake. Siku ukiona amepunguza, kunywa kitu, lala ubavu wa kushoto na uhesabu. Usipopata miguso kumi ndani ya saa mbili, nenda siku hiyo hiyo. Usiache mpaka kesho.

Kiungulia kinanichoma kila usiku. Nifanyeje?

Homoni za ujauzito hulegeza mlango wa juu wa tumbo, na mji wa mimba unasukuma kutoka chini, kwa hiyo tindikali inapanda. Kula kidogo mara tano au sita badala ya sahani moja kubwa ya ugali saa tatu usiku. Kaa wima saa mbili au tatu kabla ya kulala, na inua kichwa cha kitanda kwa tofali chini ya miguu yake. Mito mingi hukunja tumbo na kuongeza shida. Pilipili, mafuta mengi ya kukaangia, chai kali na soda ndizo wachochezi wakubwa.

Usilambe magadi. Yana chumvi nyingi ya sodiamu, na hayafai kabisa kwa mwenye presha. Dawa ya kutafuna ya kiungulia unaweza kupewa kituoni, ila iachane na kidonge cha damu kwa saa mbili, maana inazuia madini ya chuma kuingia. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia si kiungulia. Yakija na kichwa kuuma ni dalili ya hatari.

Kiuno na kinena vinavuta, hasa nikigeuka kitandani. Ni chango?

Mara nyingi ni kano zinazoshikilia mji wa mimba zikivutwa kadiri unavyokua. Maumivu hukata ghafla upande mmoja, unapoinuka au kukohoa, kisha hupoa ndani ya dakika. Geuka taratibu, magoti yakiwa pamoja. Kaa chini kwanza kabla ya kusimama.

Kwa kiuno, mkosaji mara nyingi ni ndoo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo, na kuitwisha kutoka chini ndiko kunakovunja mgongo kuliko kutembea nayo. Beba madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, ukichuchumaa kwa magoti badala ya kuinama. Wanaokausha dagaa mwaloni wanainama saa nyingi. Pandisha chanja au kaa kwenye kiti kifupi, na simama kila baada ya nusu saa. Wanaobanika samaki wakae upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wa kuni kila siku unahusishwa na watoto kuzaliwa wakiwa na uzito mdogo.

Maumivu yanayokuja kwa mpangilio, yanakaza tumbo lote na kuachia, au yanayoambatana na homa, mkojo kuuma au damu, ni ya kwenda kituoni. Maambukizi ya njia ya mkojo ni ya kawaida sana katika miezi hii, na yakiachwa yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati.

Msuli wa mguu unanikaza usiku mpaka nalia.

Nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako, shikilia mpaka msuli uachie, kisha kanda. Ukinyoosha vidole mbele unazidisha. Nyoosha misuli ya mguu ukisimama mbele ya ukuta kwa dakika mbili kabla ya kulala. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma mfululizo, usiukande: inaweza kuwa damu iliyoganda. Nenda ukaonwe.

Nashikwa na kizunguzungu nikisimama foleni au nikipanda mlima.

Mishipa imetanuka na presha hushuka kidogo katikati ya ujauzito. Kunywa maji kabla ya kutoka, kula kitu asubuhi, usisimame bila kusogeza miguu. Ukilala chali na kuona giza, geukia ubavu; mji wa mimba ulikuwa umelalia mshipa mkubwa unaorudisha damu. Ila kizunguzungu pamoja na moyo kwenda mbio na viganja kuwa vyeupe kinaweza kuwa upungufu wa damu. Omba kipimo.

Ngozi imebadilika: mstari mweusi tumboni, madoa usoni, michirizi.

Vyote ni homoni na ngozi kutanuka. Mstari na madoa hufifia miezi kadhaa baada ya kuzaa. Michirizi hubaki, ila hupauka. Mafuta ya nazi hupunguza muwasho, hayafuti michirizi. Tunaomba sana: msipake mkorogo. Krimu za kung'arisha zinaweza kuwa na zebaki, na zebaki humfikia mtoto. Muwasho mkali wa viganja na nyayo usiku, bila upele, unahitaji kuonwa, kwani unaweza kutoka kwenye ini.

Ute umeongezeka. Nijue vipi kama ni ugonjwa?

Ute mweupe au wa maziwa, mwepesi, usionuka, ni kawaida. Ukiwasha na kuwa kama maziwa mgando ni fangasi, na hutibiwa kwa dawa ya kuweka ukeni. Ukiwa wa kijani, wa njano au wenye harufu, nenda kituoni. Ukiwa maji yanayotiririka bila kuzuilika, chupa huenda imepasuka, nenda sasa. Usijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala maji ya chumvi.

Tendo la ndoa linamdhuru mtoto?

Hapana, kama mimba haina tatizo. Mtoto yuko ndani ya maji na mlango wa kizazi umefungwa. Acheni na muulize kwanza kama umetokwa na damu, umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, au chupa imepasuka.

Dalili zipi zinanitaka niondoke sasa hivi?

Kutokwa damu ukeni, hata bila maumivu. Kichwa kuuma sana kusikotulia, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba: hizi ni za kifafa cha mimba, na presha ya 140/90 au zaidi ni kengele. Degedege au kupoteza fahamu. Homa. Maji kutoka. Tumbo kuuma mfululizo. Kupumua kwa shida. Mtoto kupunguza kucheza. Miguu kuvimba jioni baada ya siku ya kusimama na kupungua asubuhi ni kawaida; uvimbe wa uso asubuhi si kawaida.

## Damu, chakula na dawa za kliniki

Kidonge cha damu kinanipa kichefuchefu na choo kigumu. Naweza kuacha?

Usiache; badilisha namna unavyomeza. FEFO ina madini ya chuma na foliki asidi, kidonge kimoja kila siku. Meza usiku baada ya kula kidogo, na chungwa, pera au juisi ya ukwaju, kwa sababu vitamini C huongeza chuma kinachoingia. Chai na kahawa hufanya kinyume, basi ziachane na kidonge na chakula kwa saa moja au zaidi. Choo cheusi ni kawaida. Kwa choo kigumu, maji, mchicha, maharage, papai lililoiva na kutembea dakika ishirini. Kukaza choo kwa nguvu ndiko kunakoleta bawasiri.

Katika chakula, maini mara moja kwa wiki, nyama kidogo, maharage, matembele na dagaa. Dagaa wa Ziwa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina ya kalsiamu kuliko vidonge vingi vya dukani, na bei yake iko ndani ya uwezo wa wengi. Waoshe mchanga vizuri na wapike waive.

Natamani udongo kila saa. Una ubaya?

Hamu yenyewe si aibu, na mara nyingi inaendana na upungufu wa damu. Shida ni kwamba udongo hushika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, kwa hiyo unaongeza tatizo ulilokuwa unaliponya. Huweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na hufunga choo. Mwambie muuguzi waziwazi, pima wingi wa damu, meza dawa ya minyoo ambayo kliniki hutoa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Wengi huona hamu ikipungua damu inapopanda. Wakati unaacha, weka mdomoni karoti mbichi iliyooshwa, kipande cha mhogo uliochomwa au barafu.

Bibi anasema nisile mayai wala samaki mtoto asiwe mkubwa.

Anakutakia uzazi mwepesi, na enzi zake hospitali ilikuwa mbali. Lakini kumnyima mama protini humpunguzia damu na nguvu, na mtoto mdogo ana hatari zaidi ya mtoto mkubwa. Kula mayai yaliyoiva, sato, sangara, furu. Unachokwepa ni samaki mbichi au nusu mbichi, maziwa yasiyochemshwa, pombe ya aina yoyote, na papai bichi lenye utomvu.

Kwa nini nameza Fansida wakati sina malaria?

Kwa sababu vimelea vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma bila homa, vikamnyima mtoto chakula. Kanda ya Ziwa malaria ni nyingi. Fansida, ambayo kliniki huiita SP, hutolewa kuanzia mwezi wa nne hivi, vidonge vitatu kwa pamoja mbele ya muuguzi, kisha tena kila baada ya angalau wiki nne, na lengo ni dozi tatu au zaidi. Usiifiche mkononi ukaitupe nje. Mwambie muuguzi kama una mzio wa salfa, kama unatumia Septrin (dawa ambayo wenye VVU hupewa kuzuia maambukizi), au kama umeandikiwa foliki asidi ya miligramu 5, kwa kuwa kiasi hicho hupunguza nguvu ya SP. Chandarua bado unalalia kila usiku.

Naishi kando ya Ziwa. Kichocho kinahusiana na mimba?

Kinahusiana sana. Kichocho cha tumbo kimeenea mwambao wote, huleta damu kwenye choo, na hupunguza damu mwilini. Dawa yake, prazikwanteli, Shirika la Afya Duniani linaruhusu wajawazito wapewe baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa kipimo cha uzito. Usikubali kuambiwa usubiri mpaka unyonyeshe. Omba upimwe choo.

Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, zaidi jua likiwa juu. Kwa hiyo saa sita mchana kuosha vyombo ukiwa umezama mpaka magotini ndiyo saa mbaya kuliko zote. Maji ya Ziwa yaliyotunzwa siku mbili kwenye pipa lililofunikwa hayana vimelea hai vya kichocho na yanafaa kuogea. Ya kunywa bado yachemshwe.

## Ziwa, mawe na safari

Niko kisiwani. Nipange vipi kujifungua?

Kipindi cha mpango wa kujifungua kifanye wiki ya 26, wala usisubiri ya 36. Panga mambo matatu: kituo cha karibu kinaweza nini, kituo chenye upasuaji na damu kiko wapi, na utavuka vipi nje ya ratiba ya kivuko. Anayetoka Ukerewe kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya, au kwa meli ya Nansio, lazima ajue saa ya mwisho ya kuvuka. Anayetoka Sengerema sasa ana daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, na hahitaji tena kusubiri pantoni.

Kwa mama mwenye hatari yoyote (soma sehemu inayofuata), kuhamia kwa ndugu karibu na hospitali wiki ya 36 au 37 ni bora kuliko boti ya usiku. Uliza pia kama hospitali ina nyumba ya kusubiria kujifungua. Usiende na mtumbwi bila jaketi la kuokolea, na mwenye mtumbwi awe amekubali mapema, kwa jina na simu, si "tutampata tu".

Dharura ikitokea nipige simu gani?

115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ambao majaribio yake ya mwanzo yalifanyika Sengerema na Shinyanga. Anayepokea hukuuliza hali, kisha hupanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ni kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga, na hulipi. Taja kijiji, mwalo au alama inayojulikana. "Karibu na kwa mzee fulani" hupoteza dakika. Andika namba hiyo ukutani, si kwenye simu peke yake.

Nyumba yangu iko juu ya mawe, gari halifiki.

Mabatini, Igogo na milima mingine ya jiji ina nyumba nyingi za namna hii. Tembea njia hiyo mchana na mwenzako, pima dakika mpaka barabarani, kisha zidisha mara mbili kwa usiku. Andaa tochi, majirani wawili wa kukushika, na viatu visivyoteleza. Uchungu wa mtoto wa pili huenda haraka, kwa hiyo teremka mapema.

Bodaboda je?

Miezi ya katikati, kwa safari fupi ya barabara nzuri, wengi hupanda bila tatizo. Hatari ni kuanguka, si mtikisiko. Bajaji au daladala ni afadhali. Ukianguka au kugonga tumbo, nenda kuonwa hata kama huna maumivu. Kondo linaweza kuachia taratibu.

## Hali za pekee

Nilijifungua kwa upasuaji. Darasa linanifaa?

Sana, lakini mwambie mwalimu siku ya kwanza. Unahitaji kujua upasuaji ulifanywa kwa sababu gani na lini, na uje na karatasi ya ruhusa kama unayo. Zahanati si mahali pako pa kujifungulia: panga kituo chenye chumba cha upasuaji na damu, au hospitali ya rufaa kama Sekou Toure au Bugando, kadiri utakavyoelekezwa. Uchungu ukianza, usingoje nyumbani.

Nina VVU, selimundu, au mapacha.

Mwenye VVU anaendelea na dawa zake bila kuruka hata siku moja, na anayetumia Septrin hapewi SP. Mwenye selimundu ahudhurie hospitali yenye daktari wa uzazi tangu mwanzo, asikae na kiu, na asianze kidonge cha madini ya chuma bila kuandikiwa na daktari huyo. Mapacha hujulikana mapema kwa ultrasaundi, ambayo ni vizuri ifanyike kabla ya wiki ya 24; damu hupungua zaidi na uchungu huja mapema, kwa hiyo darasa lianze wiki ya 20.

Mwenzangu hayupo. Kliniki inaweza kunirudisha?

Huduma haipaswi kunyimwa mama aliyekuja peke yake. Vituo vingine huomba barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Ukiweza kuipata mapema inakupunguzia maelezo. Ukirudishwa, omba kuonana na mganga mfawidhi.

Nimeajiriwa. Likizo yangu ni ya siku ngapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 zenye malipo, na 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Mwajiri apewe taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Yaani taarifa inaandikwa hapa hapa, mwezi wa sita.

Nina miezi saba na sijawahi kwenda kliniki.

Nenda kesho asubuhi. Utaulizwa kwa nini umechelewa. Jibu kwa ukweli, wala usiondoke kwa sababu ya sauti ya mtu. Utapimwa vyote siku hiyo, utapewa chanjo, SP, dawa ya minyoo na FEFO, na tarehe ya kurudi itakuwa ya karibu. Omba pia ukadiriaji wa umri wa mimba kwa kimo na ultrasaundi, ingawa kwa umri huu wa mimba ultrasaundi inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Darasa lako litakuwa fupi: sikiliza somo la asubuhi mara mbili, tembelea wodi, na uandike 115 ukutani.